Kufunga Redio ya Gari Mwenyewe: Suala ni Koleo

Gari lililotumika Japani linaposhushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam, mara nyingi huja na redio nzima isiyomfaa mtu. Wajapani walijitengea masafa yao ya FM, megahezi 76 hadi 90, na katika muongo uliopita wakayasogeza hadi 95. Sisi huku, kama sehemu kubwa ya dunia, tunatangaza kati ya 87.5 na 108. Mkazi wa Dar es Salaam akiwasha redio hiyo atapata Clouds kwenye 88.5, Wasafi kwenye 88.9 na vituo vichache vilivyobanana hapo chini, kisha namba zinagota. Wa Nairobi ana hali mbaya zaidi: Capital FM iko 98.4, Kiss iko 100.3, Radio Citizen iko 106.7, na kwa redio yake zote hizo hazijazaliwa. Juu ya hapo kioo kinamsemesha Kijapani, na ramani iliyomo ni ya barabara za Osaka. Ndiyo maana kubadilisha redio, jambo ambalo Marekani au Uingereza ni starehe ya wapenda muziki, kwetu limekuwa karibu sehemu ya kulipokea gari, likifuata baada ya ushuru na namba za usajili. Na kwa kuwa wenye magari wengi hulipitia, swali la nani afunge redio mpya, fundi au mwenye gari mwenyewe, linastahili kujibiwa kwa hoja badala ya mazoea.

Zipo njia za kulikwepa swali hilo, na haki ni kuzipima kwanza. Maarufu zaidi ni kile kidude kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio, ambacho wauzaji hukiita bendi ekspanda. Kazi yake ni kuyashusha masafa kwa kiasi maalumu, kwa kawaida megahezi 10 hadi 20, ili kituo cha 98.4, kwa mfano, kisikike kwenye 84.4 iwapo kinashusha 14. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayokiumbua. Redio ya Kijapani ya zamani ina nafasi ya megahezi 14 tu, na bendi yetu ina zaidi ya 20, kwa hiyo ukichagua kidude chochote kuna vituo vitakavyobaki nje. Tena kituo cha 102.5 kikishushwa 14 kinatua palepale pa 88.5, na mwenye nguvu kati ya wawili hao ndiye atakayesikika, au watasikika wote wakigombana. Njia ya pili, kirusha sauti kinachochomekwa kwenye kiberiti cha sigara, inahitaji kipande cha masafa kilicho wazi chini ya 90, mahali ambapo Dar es Salaam pamejaa. Njia ya tatu ni kumlipa mtu afungue kufuli ya zile redio za Toyota zinazodai kadi ya ramani kila zinapokatiwa umeme wa betri. Huyo atakurudishia kioo, pengine na Bluetooth, lakini masikio ya redio yatabaki ya Kijapani. Asiyesikiliza redio kabisa, anayetumia simu tu, anaweza kuishia hapo na asiendelee kusoma. Wengine wote mwishowe hununua redio mpya.

Hoja inayotolewa sana ughaibuni kwa ajili ya kufunga mwenyewe ni pesa. Huko saa moja ya fundi ni ghali, na kwa redio ya bei ya chini kazi ya kuifunga inaweza kuikaribia bei ya redio yenyewe. Hoja hiyo ikiletwa Kariakoo au Luthuli Avenue inapoteza nguvu, kwa sababu kwetu mkono wa fundi ndio kitu rahisi kuliko vyote kwenye hesabu, na mara nyingi muuzaji huutoa kama nyongeza ya biashara. Anayejifungia redio ili aokoe ujira wa fundi ataokoa kiasi ambacho hakitamlipa hata jasho lake. Kama kuna sababu ya kumtaka mwenye gari ashike bisibisi mwenyewe, lazima itafutwe kwingine. Ninavyoona mimi, mstari unaotenganisha kazi njema na kazi mbaya haupiti kati ya fundi na mwenye gari. Unapita kati ya redio iliyochomekwa na redio iliyofungwa kwa kukata nyaya za kiwandani. Mwenye gari asiye na ujuzi mkubwa lakini anayechomeka yuko salama kuliko fundi wa miaka 20 anayekata, na sababu zake zinaweza kuonyeshwa kwa rangi, kwa joto na kwa hesabu ya betri.

Sehemu ya tundu lenyewe haina ubishi, na tunaweza kuipita haraka. Wajerumani waliweka kipimo cha milimita 180 kwa 50 kwa ajili ya redio za magari, na kikapokelewa kimataifa mwaka 1984 kama ISO 7736. Wajapani wakakizidisha mara mbili kwenda juu, ikawa 180 kwa 100. Toyota nyingi zina tundu la milimita 200 kwa upana, ndiyo maana redio ya kawaida ikikaa humo huacha uwazi wa sentimita moja kila upande, unaozibwa na vipande vya plastiki vinavyouzwa kwa bei ya soda mbili tatu. Fremu ya dashibodi hushikwa na klipu, na redio hushikwa na boliti nne kwenye vyuma viwili vya pembeni. Anayeweza kufunga bawaba za kabati ataweza haya, ilimradi atumie kijiti cha plastiki kuchokoa fremu na asitumie bisibisi ya chuma inayoacha makovu.

Mambo yanaanza nyuma ya redio. Redio nyingi zinazouzwa madukani, iwe Pioneer, Kenwood, Sony au zile za Kichina zisizo na jina, hufuata rangi zilizokubalika katika biashara: njano ni umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa, nyeusi ni ethi. Nyeupe na kijivu ni spika za mbele, kijani na zambarau ni za nyuma, na kila moja ina pacha wake mwenye mstari mweusi kwa upande wa hasi. Sasa tazama soketi ya gari lenyewe. Kwenye Toyota nyingi umeme wa kudumu uko katika waya wa buluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo uko katika kijivu, na ethi ni kahawia. Waya mweusi ni chanya ya spika ya nyuma kushoto, wa njano ni hasi yake, na mwekundu ni chanya ya spika ya nyuma kulia. Yaani rangi tatu ambazo redio mpya inazitumia kwa umeme, Toyota imezipeleka zote kwenye spika. Anayeunganisha njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, jambo ambalo akili ya kawaida inaliona sahihi kabisa, atakuwa ameziomba spika ziwashe redio.

Redio haitawaka, na madhara yanaanzia hapo. Mtu aliyekwisha kuikata soketi amepoteza njia ya uhakika ya kujua waya upi ulikaa tundu lipi. Anachukua taa ya kupimia, anachokonoa mpaka balbu iwake, na waya wowote wenye umeme unageuka kuwa wa redio. Unaweza kuwa wa kiberiti cha sigara, wa saa au wa taa za ndani, kila mmoja ukiwa na fyuzi iliyopimwa kwa kazi yake na si kwa kazi hii mpya. Kwenye spika kuna mtego mwingine. Magari ya zamani sana yalikubali upande wa hasi wa spika kufungwa kwenye bodi, na wako ambao bado hufanya hivyo ili kupunguza nyaya. Amplifaya za redio za leo zina umeme kwenye ncha zote mbili za spika, na ncha ya hasi ikigusa bodi redio hujizima ikiwa ina kinga, au huungua ikiwa haina. Soketi ya kati inayaondoa yote haya kwa mpigo mmoja. Ni kipande cha nyaya ambacho upande mmoja kinaingia kwenye soketi ya gari bila kulazimishwa, na upande wa pili kina rangi za redio. Toyota imetumia jozi ileile, ya pini 10 na ya pini 6, katika magari yake mengi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980: ile kubwa ina umeme na spika za mbele, ndogo ina spika za nyuma. Soketi moja inaweza kutumika kwenye Corolla ya zamani, Vitz, Probox na Noah. Nissan, Honda, Mazda na Subaru wana za kwao, na zipo. Ukiwa nayo, huhitaji kukariri rangi hata moja ya gari lako.

Wanaotetea kukata husema kwamba waya ni waya, na kwamba kiungo kilichosokotwa vizuri na kufungwa tepu kinapitisha umeme sawa na soketi. Siku ya kwanza ni kweli. Lakini kiungo cha kusokotwa hakina kinachokibana isipokuwa chenyewe, na gari linatikisika. Gundi ya tepu ya umeme hulainika kwa joto, na dashibodi iliyoachwa juani mchana wa Januari ni tanuri dogo. Pwani kuna chumvi hewani, na shaba ya Tanga au Unguja hugeuka kijani mapema kuliko ya Dodoma. Kiungo kinapolegea au kuota kutu upinzani wake unapanda, na hapa hesabu ni fupi. Upinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, kitu ambacho mita ya bei nafuu haikisomi sawasawa, ukipitiwa na ampea 10 unazalisha wati 10 za joto ndani ya kifundo kisichozidi ukucha. Wati 10 zinatosha kuyeyusha plastiki iliyokizunguka. Na fyuzi haitakatika, kwa sababu fyuzi huhesabu ampea na ampea hazijazidi. Redio inakula kilekile ilichokuwa ikila jana. Watu wengi huiamini fyuzi kama mlinzi wa kila kitu nyuma ya dashibodi. Fyuzi hulinda waya dhidi ya umeme mwingi kupita kiasi, na haina habari na kiungo kibovu. Zaidi ya hapo, umeme wa kudumu uko hewani usiku kucha, gari likiwa limefungwa na mwenyewe amelala.

Hapa msomaji makini atapinga: soketi ya kati nayo ina viungo, maana nyaya zake lazima ziungwe na nyaya za redio. Ni kweli, isipokuwa kwa redio zinazokuja na soketi ya Toyota tayari, na nyingi za Kichina huja nazo. Tofauti ni mahali. Viungo hivyo hufanywa mezani, kwenye mwanga, mtu akiwa ameketi, vikaungwa kwa risasi au kubanwa kwa vikonyo vya chuma, kisha vikavishwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Vya kukata hufanywa kichwa kikiwa chini ya usukani, kwa waya wa gari uliobaki na urefu wa vidole viwili. Na kosa la mezani linaharibu kipande cha bei ndogo kinachoweza kununuliwa tena, ilhali kosa la chini ya usukani linaharibu nyaya za gari, ambazo hakuna duka linaloziuza kwa kipande.

Kama mambo yako wazi hivi, kwa nini kukata kumekuwa desturi? Jibu jepesi ni kwamba mafundi hawajui, na nadhani ni jibu la uongo. Fundi wa redio anayefanya kazi hii kila siku anaijua Toyota kwa vidole vyake kuliko mwandishi yeyote wa makala. Tatizo ni namna anavyolipwa. Analipwa kwa gari, si kwa saa, na mteja amesimama pembeni anatazama simu. Soketi za kati zinamtaka aweke akiba ya kila aina ya gari, pesa zikae rafuni, wakati koleo na tepu vinafaa gari lolote duniani. Mteja mwenyewe hulipia anachokiona: ukubwa wa kioo, wingi wa taa, mlio wa besi. Hakuna mteja anayeuliza kilichoko nyuma. Kiungo kibaya kikija kuleta taabu, miezi minane baadaye, betri itakuwa imelaumiwa, altaneta itakuwa imelaumiwa, na hakuna atakayemkumbuka aliyekata. Mfumo wa namna hii humlipa vizuri zaidi anayeharakisha, hata angekuwa na moyo wa dhahabu. Mwenye gari anayejifungia yuko katika hali tofauti kabisa: muda ni wake, na gari litakalogoma kuwaka alfajiri ni lake. Hiyo ndiyo faida yake ya pekee juu ya fundi. Ujuzi hana, lakini ana sababu ya kutokukata.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Inasemwa kwamba umeme wa gari si wa kuchezewa, na kwamba eabegi zinaweza kulipuka usoni mwa asiyejua. Hofu hiyo imechanganya mambo mawili. Volti 12 hazimpigi mtu shoti ya kumdhuru. Hatari yake ni moto, na moto hutokana na mambo yaleyale ya viungo na fyuzi tuliyokwisha kuyataja. Eabegi ni jambo la kweli. Utaratibu wa Toyota ni kuchomoa kichwa cha hasi cha betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu karibu na mfumo huo, ili umeme uliohifadhiwa ndani yake uishe. Soketi za eabegi kwa kawaida zina rangi ya njano ili zitambulike, na kazi ya redio haina sababu ya kuzigusa. Anayehitaji kupima atumie mita ya kidijitali. Taa ya balbu huvuta umeme wa kutosha kusumbua kompyuta za gari na, ikiingizwa kwenye waya wa eabegi, kufanya maafa. Ukiyapima haya kwa haki utagundua kwamba utaratibu ni wa dakika mbili, na anayeuruka mara nyingi ni yule mwenye haraka.

Ni kweli pia kwamba mwenye gari anaweza kufanya ujinga ambao fundi asingeufanya. Redio nyingi zenye kioo zina waya mmoja, mara nyingi wa kijani hafifu au waridi, unaopaswa kufungwa kwenye swichi ya breki ya mkono ili video isionekane gari likiwa linatembea. Mitandaoni kumejaa maelekezo ya kuufunga waya huo kwenye ethi moja kwa moja ili dereva atazame sinema barabarani, na wapo wanaojivunia kufanya hivyo. Kamera ya nyuma nayo ina wahanga wake: kamera nyingi za kiwandani za Toyota hutumia volti 6, na anayezipa 12 anaziua. Siwezi kudai kwamba kushika bisibisi mwenyewe kunamfanya mtu awe na busara. Ninachodai ni kwamba makosa haya yanasahihishika ikiwa soketi ya gari haijaguswa: unachomoa, unarekebisha mezani, unachomeka. Kwa aliyekata, kila sahihisho ni kukata tena.

Kuna jaribio moja ambalo mwenye gari anaweza kulifanya na ambalo fundi wa kando ya barabara halifanyi kamwe, nalo ni kupima umeme unaoliwa gari likiwa limezimwa. Mara nyingi aliyekosa waya wa ufunguo huziunga nyekundu na njano pamoja kwenye umeme wa kudumu. Redio inawaka vizuri, mteja anaondoka na furaha yake. Redio za kawaida zikizimwa kwa kitufe hulala. Zile za Android, ambazo kwa kweli ni tableti zilizovishwa fremu, zikifungwa hivyo zinaweza kubaki macho. Chukua betri ya ampea-saa 45 na redio inayokula nusu ampea usiku na mchana: saa 90, yaani chini ya siku nne, betri ni tupu, na gari litashindwa kuwaka kabla ya hapo. Gari zima kiafya hula chini ya sehemu 50 za elfu za ampea likiwa limelala, na kwa kiwango hicho betri ileile ingechukua zaidi ya mwezi kuisha. Magari ya haibridi kama Aqua na Prius yana betri ya volti 12 iliyo ndogo zaidi, kwa hiyo hustahimili kwa muda mfupi zaidi. Kupima ni kuweka mita kati ya kichwa cha hasi cha betri na waya wake, kufunga milango, kusubiri kama nusu saa kompyuta zilale, kisha kusoma namba. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, la sivyo utanunua mita nyingine.

Nimeshawahi kusoma utetezi kwamba soketi ya kati ni gharama ya ziada kwa mwananchi aliyekwisha kukamuliwa na ushuru. Hebu tuitazame pesa hiyo inakokwenda. Kwenye boksi la redio karibu yoyote pameandikwa wati 50 mara 4, na mara nyingine 60, na mnunuzi huongeza pesa kwa ajili ya namba hiyo. Injini ikiunguruma altaneta hutoa takriban volti 14.4, na spika ya kawaida ni ya omu 4. Kwa amplifaya ya ndani ya redio, sauti safi haiwezi kuzidi 14.4 mara 14.4 gawa kwa 8, yaani chini kidogo ya wati 26, kabla hata ya upotevu. Ukigawa kwa 4, ukichukulia kwamba sauti imeshakatika vilele na kuwa mkoromo mtupu, unapata karibu 52, na hiyo ndiyo 50 ya boksi. Watengenezaji wenye heshima huandika namba ya kweli, inayokaribia 20, ndani ya kitabu cha maelekezo ambako hakuna anayeitafuta. Kwa hiyo mnunuzi analipia wati ambazo sheria za umeme zimezikataza, halafu anabana kwenye kipande cha nyaya kinachoamua kama gari litakuwa zima mwakani. Bei ya soketi ya Toyota ni sehemu ndogo ya bei ya redio. Atakayechagua redio ya ngazi moja chini, yenye CarPlay au Android Auto ili simu ifanye kazi ya ramani na muziki, atabaki na chenji ya soketi, mita na mirija ya plastiki.

Kipo kiwango ambacho kigezo changu chenyewe kinamzuia mwenye gari. Magari ya Ulaya ya miaka ya karibuni hayana waya wa ufunguo nyuma ya redio. Redio huambiwa iwake kwa ujumbe unaopita kwenye mtandao wa kompyuta za gari. BMW na Mercedes nyingi za miaka ya 2000 ziliunganisha redio, amplifaya na simu kwa uzi wa mwanga uliofungwa kama pete, na ukichomoa kifaa kimoja pete yote hunyamaza. Hapo bila kisanduku cha kutafsiri ujumbe, kilichotengenezwa kwa gari hilohilo, hakuna kuchomeka kunakowezekana, na jibu sahihi kwa fundi anayesema ataikata tu na itawaka ni kufunga mlango na kuondoka. Afueni ni kwamba magari yaliyotoka Uingereza yana masafa yetuyetu, hivyo njaa ya kubadilisha ni ndogo. Volkswagen za zamani kidogo zina kisa chepesi zaidi: umeme wa kudumu na wa ufunguo umebadilishana nafasi kwenye soketi yao ya kimataifa, na redio mpya husahau vituo kila ufunguo ukitolewa. Redio nyingi huja na viungo viwili vya kuchomoa katika nyaya za njano na nyekundu kwa sababu hiyohiyo. Unavipishana, kazi imekwisha, hakuna kilichokatwa.

Amplifaya kubwa na subufa ni habari nyingine tena. Huko kuna waya mnene unaotoka kwenye betri, unaopenya ukuta wa injini kupitia tundu lenye mpira, na unaohitaji fyuzi yake karibu kabisa na betri, kabla waya haujafika nusu mita, kwa sababu kipande chochote kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Kazi hiyo inadai uzoefu wa kujua mahali pa kupitisha waya na unene wake, na fundi aliyefunga matatu za Nairobi kwa miaka anastahili kulipwa vizuri kwa ajili yake. Naisema hii kwa sababu kuna watakaoona makala haya yanamnyang'anya kijana wa gereji bubu mkate wake. Sioni hivyo. Mteja anayejua kudai soketi humfanya fundi aziweke akiba, na fundi aliyeziweka humaliza gari kwa robo ya muda na harudiwi na mteja mwenye betri tupu. Anayekosa ni yule tu ambaye biashara yake yote ni koleo na tepu.

Kwa hiyo mwenye Toyota, Nissan au Honda ya kawaida, asiye na amplifaya ya kiwandani na mwenye subira ya nusu siku, afunge redio mwenyewe. Mwenye gari la kompyuta nyingi amtafute mwenye kisanduku chake. Yeyote kati yao, kabla hajatoa pesa, amuulize muuzaji swali moja: soketi ya gari langu unayo? Akijibu kwamba watakata waya na itawaka tu, duka la pili liko hatua kumi mbele.